Gari la kisasa: namna ya kuliendesha na kulitunza kwa usalama na kwa gharama nafuu

Gari linalotoka kiwandani siku hizi si mashine ile ambayo madereva wengi walijifunzia udereva. Kompyuta ndogo ndizo zinazopima petroli inayoingia katika injini, zinazozuia magurudumu yasisimame ghafla kwenye barabara yenye utelezi na zinazomwarifu dereva kwamba kuna hitilafu. Hata hivyo, wengi bado huliendesha na kulitunza gari hilo kwa mazoea ya zama za kabureta. Mazoea hayo huwagharimu fedha, na wakati mwingine hugharimu maisha.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyotolewa Desemba 2023, watu wapatao milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Ni kweli kwamba nyingi husababishwa na mwendo wa kasi, ulevi, uchovu au simu mkononi. Lakini hali ya tairi, breki na mkanda wa usalama ni jambo lililo katika uwezo wa kila mwenye gari, na mara nyingi huhitaji dakika chache tu za uangalizi.

Mashine iliyobadilika

Tangu Mjerumani Karl Benz alipopata hataza ya gari lake mwaka 1886 hadi miaka ya 1970, gari lilikuwa chombo cha vyuma, nyaya na mipira. Fundi hodari aliweza kulitambua gonjwa lake kwa kulisikiliza. Mwaka 1978 mfumo wa kielektroniki wa kuzuia magurudumu yasikwame wakati wa kufunga breki, ujulikanao kama ABS, ulianza kuwekwa katika magari ya Mercedes-Benz. Katika miaka ya 1980 na 1990 mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa amri ya kompyuta ulichukua nafasi ya kabureta. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani ililazimisha kila gari jipya la abiria liwe na mfumo wa aina moja wa kujichunguza na kuhifadhi namba za hitilafu. Na tangu Julai 2024, magari mapya yote yanayouzwa katika Umoja wa Ulaya hayana budi kuwa na uwezo wa kujifungia breki pale dereva anapochelewa.

Matokeo yake ni kwamba kazi ya mwenye gari imebadilika. Hahitaji tena kusafisha platini wala kurekebisha kabureta. Anachotakiwa ni kutumia vimiminika sahihi, kuyaangalia matairi, kuzielewa taa za dashibodi na kufuata ratiba ya matengenezo.

Kitabu cha gari na ratiba yake

Ushauri wa kwanza ni kukisoma kitabu kinachokuja na gari. Humo ndimo mtengenezaji anapoeleza aina ya oili, kiasi cha upepo katika matairi na kilomita ambazo kila kifaa kinapaswa kubadilishwa. Aliyenunua gari lililotumika bila kitabu anaweza kukipata katika tovuti ya kampuni husika, kwani kampuni nyingi huviweka humo bila malipo.

Inafaa kuzingatia kwamba vitabu vingi huwa na ratiba mbili: moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi mazito. Joto kali, vumbi, foleni ndefu, mizigo mizito na safari fupi fupi vyote huhesabiwa kuwa ni matumizi mazito. Kwa hiyo dereva wa Muscat, Doha au Dar es Salaam asijidanganye kuwa yake ni matumizi ya kawaida. Hata mkazi wa London anayempeleka mtoto shule umbali wa kilomita mbili na kurudi yumo katika kundi hilo, kwa sababu injini yake haipati nafasi ya kupata moto vya kutosha, na maji pamoja na petroli hubaki ndani ya oili.

Taa za dashibodi

Rangi za taa zina maana. Kijani na buluu hutoa taarifa tu. Rangi ya manjano au chungwa humwambia dereva kwamba gari linahitaji kuchunguzwa karibuni. Nyekundu ni amri ya kusimama mahali salama mara moja. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, injini izimwe papo hapo, kwani dakika chache bila mgandamizo wa oili hutosha kuiharibu kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa taa ya joto la injini.

Taa ya manjano yenye picha ya injini huwachanganya wengi. Ikiwaka bila kupepesa, gari linaweza kuendeshwa taratibu hadi kwa fundi. Ikipepesa, maana yake ni kwamba mafuta hayachomwi sawasawa na yanaingia mabichi katika kisafisha moshi. Kifaa hicho kilichomo katika bomba la moshi kina madini ya thamani na bei yake ni kubwa. Dereva apunguze mwendo na atafute fundi bila kukawia.

Aidha, kuna mafundi wanaozima taa hiyo kwa kufuta namba katika kompyuta au kuchomoa waya wa betri. Huko ni kumnyamazisha mlinzi badala ya kumsaka mwizi. Namba inayosomwa na mashine ya fundi haitaji kifaa kilichoharibika, bali hutaja dalili. Namba P0171, kwa mfano, husema tu kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Chanzo chaweza kuwa mpira uliopasuka, pampu dhaifu au kipimo cha hewa kilichochafuka. Fundi anayebadilisha vipuri kwa kubahatisha humtoza mteja gharama ya ujinga wake.

Matairi: somo la mwaka 2000

Sehemu ya tairi inayogusa barabara haizidi sana upana wa kiganja cha mkono. Usukani, breki na kompyuta zote hutegemea viganja hivyo vinne.

Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza nchini Marekani kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa katika magari ya Ford Explorer, baada ya matairi hayo kuchanika yakiwa barabarani na magari kupinduka. Ford ilikuwa imekwisha kuanza mwaka 1999 kubadilisha matairi ya magari hayo Saudi Arabia na katika nchi nyingine za Ghuba, ambako joto na mwendo wa masafa marefu viliidhihirisha kasoro hiyo mapema. Zaidi ya watu 200 walikufa Marekani. Kasoro za matairi yenyewe, joto, mwendo wa kasi na upungufu wa upepo vyote vilitajwa katika uchunguzi. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka huo huo, na kutokana nayo magari mapya yakalazimishwa kuwa na taa ya kuonya upungufu wa upepo.

Hata hivyo, taa hiyo isimpumbaze mtu. Kanuni za Marekani huitaka iwake pale upepo unapopungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango kinachopendekezwa. Tairi linaweza kuwa limepungua kwa asilimia 20 na taa isiseme lolote. Kwa hiyo upepo upimwe kila mwezi na kabla ya safari ndefu, matairi yakiwa ya baridi, yaani kabla ya gari kuendeshwa. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi lenyewe, wala si kiwango cha gari lako.

Ubavuni humo humo mna tarakimu nne zinazoonyesha umri. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama haujatembea, na jua huuharakisha uzee huo. Tairi la akiba lililokaa miaka 10 chini ya buti lisitegemewe, hata kama bado lina nywele zake za kiwandani. Nchini Uingereza sheria hutaka kashata za tairi ziwe na kina cha milimita 1.6 angalau. Anayekutwa na tairi lililokwisha anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500 na kupewa pointi 3 za adhabu kwa kila tairi.

Breki, mkanda na mfuko wa hewa

Kwa mujibu wa mwongozo rasmi wa barabara wa Uingereza, gari linalokwenda maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48, huhitaji mita 23 hadi kusimama. Kwa maili 60 huhitaji mita 73. Mwendo umeongezeka mara 2, lakini umbali umeongezeka zaidi ya mara 3. Hapo barabara ni kavu, breki ni nzima na dereva yuko macho.

Madereva wa zamani walifundishwa kuikanyaga breki na kuiachia mara kwa mara kwenye utelezi ili magurudumu yasikwame. Katika gari lenye ABS mtindo huo huongeza umbali wa kusimama. Inapasa kuikanyaga kwa nguvu bila kuiachia na kuendelea kugeuza usukani kuliepuka lile lililo mbele. Pedali itatetemeka, na kutetemeka huko ni ishara kwamba mfumo unafanya kazi.

Mazoea mengine ya hatari ni kuliachia gari nyutro kwenye mteremko kwa nia ya kuokoa mafuta. Gari la kisasa lililo katika gia, mguu ukiwa umetolewa kwenye pedali ya mafuta, hukata mafuta yasiingie katika injini. Likiwa nyutro, huendelea kuyachoma ili injini isizimike. Dereva hupoteza mafuta na wakati huo huo hupoteza msaada wa injini katika kulizuia gari, na breki hubeba mzigo wote hadi zinapata moto na kulegea. Wakenya wanaikumbuka miteremko ya Salgaa na Sachangwan kwa ajali za malori ya namna hiyo. Anayeteremka Jabal Akhdar nchini Oman naye atumie gia ndogo tangu mwanzo wa mteremko.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka, pedali huzama bila kulisimamisha gari. Watengenezaji wengi huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Mkanda wa usalama unaweza kupunguza uwezekano wa kufa kwa hadi asilimia 50, kwa mujibu wa WHO. Mfuko wa hewa umeundwa kumsaidia aliyefunga mkanda. Kifua cha dereva kiwe mbali na usukani kwa sentimita 25 angalau. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa.

Oili na maji ya kupozea

Wapo wanaoamini kwamba oili nzito huilinda injini zaidi. Kwa injini za leo imani hiyo si sahihi. Katika maandishi kama 0W-20 au 5W-30, namba ya kwanza huonyesha wepesi wa oili wakati wa baridi, na ya pili uzito wake injini ikiwa na moto. Njia za oili katika injini mpya ni nyembamba, na oili iliyo nzito kupita kiasi huchelewa kufika na huongeza ulaji wa mafuta. Giaboksi nazo zina oili zake, hasa zile za mkanda zisizo na gia za hatua, ambazo huweza kuharibika zikitiwa oili ya giaboksi ya kawaida.

Rejeta isijazwe maji ya bomba isipokuwa kwa dharura. Maji hayo huacha chokaa na kuyala madini ya alumini. Kimiminika maalumu kilichochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa huzuia kutu, huchelewa kuchemka na hakigandi hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, jambo la lazima kwa mkazi wa Minneapolis au Toronto. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa na moto.

Mkanda wa ndani wa injini, katika magari yanayoutumia, una ukomo wake, mara nyingi karibu na kilomita 100,000. Ukikatika katika injini nyingi za sasa, pistoni hugonga valvu. Hapo ndipo mtu anapokumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Joto, mvua na watoto

Joto ndilo adui mkubwa wa betri, ingawa ubovu wake hujitokeza asubuhi ya baridi. Katika nchi za Ghuba betri huweza kufa ghafla, hivyo ipimwe kabla ya kiangazi.

Ndani ya gari lililofungwa, joto huweza kupanda kwa nyuzi 11 za Selsiasi katika dakika 10 tu. Marekani hupoteza kwa wastani watoto wapatao 37 kila mwaka kwa njia hii. Wengi wao husahauliwa na wazazi wanaowapenda. Kuweka mkoba au simu kwenye kiti cha nyuma humlazimisha dereva kugeuka kabla ya kuondoka.

Maji nayo yasidharauliwe. Kina cha sentimita 30 cha maji yanayokwenda kasi huweza kuyachukua magari mengi madogo, na sentimita 60 hata magari makubwa. Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya Oman yaliua watu, wakiwemo wanafunzi waliokuwa katika gari lililosombwa. Wadi ikishuka, dereva asubiri. Gari likizimika ndani ya maji lisiwashwe tena, kwa kuwa maji yaliyoingia katika silinda hayabanwi, na chuma ndicho kitakachopinda.

Kuokoa mafuta

Kwa mujibu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, kuondoka kwa kishindo, kukimbia na kufunga breki ghafla huongeza ulaji wa mafuta kiasi kwamba umbali kwa kila galoni hupungua kwa asilimia 15 hadi 30 katika barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 katika foleni za mjini. Ulaji hupanda haraka mwendo unapopita kilomita 80 kwa saa. Sanduku kubwa juu ya paa hupunguza umbali kwa asilimia 6 hadi 17 katika barabara kuu. Siku za joto kali kiyoyozi huweza kuupunguza kwa zaidi ya asilimia 25, hasa katika safari fupi. Hivyo fungua vioo kwanza joto litoke, kisha uviwashe viyoyozi.

Injini ya kisasa haihitaji kuungurumishwa dakika 10 kila asubuhi. Nusu dakika yatosha, kisha gari liendeshwe taratibu hadi lipate moto. Vile vile, chujio la hewa lililochafuka halipotezi tena petroli kama zamani, kwa kuwa kompyuta hupunguza mafuta kulingana na hewa iliyopo. Hupoteza nguvu za gari tu, lakini bado linastahili kubadilishwa.

Petroli ya bei ya juu haiongezi nguvu katika gari ambalo kitabu chake hakiidai. Wanaohama nchi wakumbuke kwamba vipimo hutofautiana: petroli iliyoandikwa 87 Marekani inakaribiana na ile ya 91 Oman.

Dizeli, mseto na umeme

Magari ya dizeli ya karibuni yana kichujio cha masizi ambacho hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Asiyetoka nje ya mji afikirie mara mbili kabla ya kulinunua. Katika magari ya mseto na ya umeme, nyaya za rangi ya chungwa zina umeme unaoweza kuua, na haziguswi ila na fundi aliyesomea kazi hiyo. Gari la mseto kama Toyota Prius huvuta hewa ya kupozea betri kuu kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na mizigo au vumbi, betri hupata moto na umri wake hupungua.

Gari lililotumika na safari ya kulipeleka nyumbani

Wengi walio ughaibuni hununua magari kwa ajili ya ndugu zao Afrika Mashariki. Kenya haipokei magari ya kawaida yaliyozidi miaka 8, wala yenye usukani wa kushoto kama yale ya Ghuba na Marekani. Ni vyema kanuni za nchi zisomwe kabla ya fedha kulipwa.

Namba ya chasisi ichunguzwe pia. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyowekwa katika magari ya kampuni nyingi, ilisababisha urejeshaji mkubwa kuliko wote katika historia. Marekani pekee mifuko ipatayo milioni 67 ilihusika, kwa kuwa kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu, na mfuko hulipuka ukirusha vipande vya chuma. Zaidi ya watu 20 walikufa nchini humo. Pwani ya Afrika Mashariki ina joto na unyevu wa aina hiyo hiyo. Mbadala hufungwa bila malipo katika nchi nyingi, lakini gari likishavuka bahari ni vigumu kuupata. Ikumbukwe kwamba magari yaliyouzwa Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17, hivyo huangaliwa katika tovuti za Kijapani za watengenezaji.

Ratiba fupi ya mwenye gari

Kila wiki: angalia oili, maji ya kupozea, taa zote, na matairi kwa macho.

Kila mwezi: pima upepo wa matairi yote pamoja na la akiba, na jaza maji ya waipa.

Kila mwaka au kwa kilomita zilizoandikwa kitabuni, lolote litakalotangulia: badilisha oili na chujio lake, kagua pedi na diski za breki, betri, shokomzoba na mipira ya maji.

Kila miaka 2: badilisha mafuta ya breki.

Stakabadhi za matengenezo zote zihifadhiwe pamoja na kitabu cha gari. Zitamwonyesha fundi mpya kilichofanywa na kilichobaki, na siku gari litakapouzwa mnunuzi atazidai kabla ya kutaja bei.